Kupanga Mapumziko ya Familia Jijini Nairobi Pamoja na Mtoto Mdogo

Desemba iliyopita mdogo wangu alipanda garimoshi kutoka Mombasa pamoja na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka mitatu na nusu, wakaja kukaa nasi South B kwa siku nne. Jioni ya kwanza, baada ya chai, alitoa mkobani karatasi yenye majina ya mahali 11 alipotaka kumpeleka mwanawe. Nilichukua kalamu, tukakaa pamoja mezani, tukaanza kufuta. Yalipobaki majina manne nikamwambia kwamba sasa tunaweza kwenda kulala. Aliniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Hata hivyo, asubuhi ya siku ya nne mtoto aliamka mwenyewe, akavaa viatu, akasimama mlangoni akiuliza leo tunaenda wapi, na hapo mama yake akaniomba niandike jinsi tulivyopanga ili wazazi wengine nao wafaidike.

Tulivyopanga ni hivi: kila siku mahali pamoja, asubuhi, na upande mmoja tu wa jiji. Mtoto wa chini ya miaka sita huwa na saa chache nzuri kwa siku, ambazo kwa wengi ni kuanzia staftahi hadi karibu na adhuhuri. Baada ya hapo huhitaji kula, kulala na kuchezea kitu anachokijua, na mzazi anayemvuta aendelee kutembea huishia kumbeba mtoto anayelia katikati ya umati. Tena, umbali wa Nairobi hauhesabiwi kwa kilomita. Kutoka katikati ya jiji hadi wanakolishwa twiga kule Lang'ata ni kama kilomita 20 hivi, na Jumapili asubuhi mtu hufika kwa nusu saa au zaidi kidogo, lakini Ijumaa jioni, hasa mvua ikiwa imenyesha na mwisho wa mwezi umefika, safari hiyo hiyo inaweza kuchukua saa mbili. Ratiba inayomtoa mtoto Lang'ata asubuhi na kumfikisha Msitu wa Karura alasiri huonekana nzuri kwenye karatasi, ila sehemu kubwa ya siku hiyo mtoto ataiona kupitia dirisha la gari lililosimama.

Wakati wa kuja

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mgeni wa Pwani hulijua hili kwa kusikia, lakini mara nyingi huja na sweta moja tu ya mtoto, tena nyepesi. Kuanzia Juni hadi Agosti anga hufunga tangu alfajiri, jua huenda lisionekane hadi saa sita mchana, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa bahati mbaya likizo ya Agosti huangukia humo humo, kwa hivyo anayekuja wakati huo amfungie mtoto soksi nzito, kofia ya sufu, suruali za kuvalia ndani na sweta mbili, kwa kuwa moja italowa uji.

Masika huanza Machi hadi Mei na vuli huja Oktoba hadi Desemba. Mvua za vuli kwa kawaida huacha nafasi ya kutembea asubuhi, lakini mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei ningemshauri mtu mwenye mtoto aziepuke. Mwaka wa 2024 mafuriko ya majira hayo yaliharibu makazi na kufunga barabara katika sehemu nyingi za jiji. Ikiwa mtoto wenu bado hajaanza shule, basi mna uhuru ambao hamtaupata tena kwa miaka mingi: njooni Januari baada ya shule kufunguliwa, au Februari, au Septemba. Jua huwa la wastani, foleni za kuingia huwa fupi, na bei za malazi hushuka. Ila hilo jua lisiwadanganye kwa sababu ya upepo wa baridi. Tuko karibu na ikweta na juu sana, na ngozi ya mtoto huungua hapa bila yeye kuhisi joto, kwa hivyo kofia yenye ukingo mpana ni ya lazima hata siku ya mawingu mepesi.

Mahali pa kulala

Chagueni malazi baada ya kuchagua matembezi, si kabla. Kama kilichowaleta ni wanyama, basi tafuteni Lang'ata, South C, South B au Nairobi West, ambako Barabara ya Lang'ata iko karibu na ambako asubuhi mtakuwa mnatoka mjini wakati magari mengine yanaingia. Kama mnataka makavazi na misitu, Parklands, Westlands na Ngara zitawafaa zaidi. Katikati ya jiji kabisa kuna vyumba vya bei nafuu, lakini muziki wa matatu na honi haviishi hadi usiku wa manane, na mtoto asiyelala usiku huharibu mchana wa watu wote.

Wengi siku hizi hupenda nyumba za kupanga kwa siku kuliko hoteli, na ninakubaliana nao, kwa sababu mtoto anahitaji jiko la kupashia uji saa 11 alfajiri kuliko anavyohitaji kitanda kilichotandikwa kwa ustadi. Ila ulizeni kwa makini. Binti yangu alipokuwa na miaka miwili tulikuwa tukipaka rangi nyumba yetu, tukapanga nyingine kwa siku tatu kutokana na picha nzuri tulizotumiwa. Tulipofika tulikuta jiko halina gesi, tokeni za umeme zikaisha saa tatu usiku, na kibaya zaidi, tulikuwa ghorofa ya nne na vyuma vya roshani vilikuwa vimeachana kiasi cha kichwa cha mtoto kupita. Nilizifunga leso mbili kutoka chuma hadi chuma, nikaufunga mlango wa roshani kwa ufunguo, na kwa siku zote tatu ufunguo huo ulikaa shingoni mwangu. Tangu siku hiyo huomba picha ya roshani kabla ya picha ya sebule. Ulizeni pia kama kuna tangi la maji, kwa kuwa mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu. Kama maji ya moto yanatoka wakati wowote au kwa saa fulani. Kama kuna lifti na kama lifti hiyo hufanya kazi umeme ukipotea. Na kama madirisha yana vizuizi. Mwenye nyumba anayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu tayari.

Tiketi, vitambulisho na malipo

Anayetoka Pwani nampendekezea garimoshi la SGR, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Mtoto anaweza kusimama, kutembea ndani ya behewa, kwenda chooni na kutafuta ndovu dirishani kati ya Voi na Mtito Andei, mambo ambayo ndani ya basi hayawezekani. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# au mtandaoni, na wakati wa likizo huisha mapema sana. Wadogo hulipiwa nauli pungufu au hawalipiwi, kutegemea umri, kwa hivyo bebeni cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Fikeni stesheni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa kwa mashine na kwa mbwa. Mwelezeni mtoto jambo hilo tangu nyumbani, kwamba mbwa wale wanafanya kazi na hawataki kuguswa, maana kwa mtoto aliyezoea kuogopa mbwa huo ndio wakati mgumu kuliko yote katika safari.

Stesheni kuu ya SGR iko Syokimau, nje ya jiji. Kuna garimoshi dogo linalowaunganisha abiria na stesheni ya zamani katikati ya jiji, na kuna teksi. Mkichukua teksi, dereva huenda akauliza kama mnataka kupitia barabara ya juu ya kulipia, ile iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa kilomita 27. Kwa mtoto aliyechoka inafaa kabisa kulipia. Kubalianeni tu mapema ni nani atakayelipa ada hiyo.

Viingilio vya sehemu zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kupitia eCitizen, wala fedha taslimu hazipokelewi langoni. Fungueni akaunti mkiwa nyumbani, mjue nenosiri, na hakikisheni M-Pesa ina salio. Bei hutofautiana kati ya raia, wakaazi, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na asiye na kitambulisho huenda akatozwa ya juu. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda wasisahau pasipoti zao hotelini. Bei zenyewe sitaziandika, kwa kuwa hubadilishwa. Ziangalieni wiki moja kabla ya kuja.

Upande wa Lang'ata

Huu ndio upande ninaowapa wageni wenye watoto siku mbili kamili, na kama wana siku tatu tu jijini bado nitawapa mbili.

Anzeni na Giraffe Centre. Kituo hiki kilianzishwa kuwaokoa twiga wa jamii ya Rothschild, ambao walikuwa wamebaki wachache sana nchini, na hadi leo wageni hupanda jukwaa la mbao linalofikia kimo cha vichwa vya wanyama hao na kuwalisha punje za chakula moja moja. Fikeni lango linapofunguliwa saa 3 asubuhi, kabla ya mabasi ya shule na ya watalii, wakati twiga bado wana njaa na mtoto bado ana nguvu.

Sasa, wazazi wengi huja pale na picha akilini: mtoto akicheka, twiga akila mkononi mwake. Mtoto wa mdogo wangu alipoona ulimi, wenye urefu wa kama sentimita 45, wa rangi ya zambarau iliyokolea na mate yanayoning'inia, alijificha nyuma ya gauni langu akasema anataka kwenda nyumbani. Baba yake alitaka kumnyanyua na kumsogeza. Nilimwomba shemeji asubiri. Tulishuka ngazi, tukakaa kwenye benchi, tukawatazama ngiri waliokuwa wakila majani huku wamepiga magoti, na mtoto akaanza kuuliza kwa nini wanaswali. Tulikaa kama dakika ishirini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, yule twiga ataula mkono wangu?" Nikamwambia hapana, anataka punje tu, na kwamba anaweza kuniangalia mimi kwanza. Tukapanda tena. Niliweka mkono wangu chini ya wake, ulimi ukapita, punje ikaenda, na mtoto akabaki akitazama kiganja chake kilicholowa kana kwamba amepewa zawadi. Alilisha punje kumi na mbili, tulizihesabu. Laiti tungekuwa na miadi mahali pengine saa nne, asubuhi hiyo ingeishia kwenye kilio. Wasikilizeni wahudumu wanapowaonya msisimame ubavuni mwa kichwa cha twiga, kwa sababu hukizungusha ghafla na kina uzito wa kumwangusha mtu mzima, na mkimaliza mumnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla hajala chochote.

Siku nyingine ya upande huu iwe ya makao ya ndovu yatima ya Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo huingiwa kupitia Barabara ya Magadi. Wageni huruhusiwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 6, na ni lazima kuweka nafasi mapema, tena wakati wa likizo si mapema ya siku mbili bali ya wiki kadhaa. Hili liwe jambo la kwanza kabisa mtakaloshughulikia baada ya kuchagua tarehe. Ndovu wadogo huja mbio wakitoka msituni, hunyonya maziwa kwenye chupa kubwa, kisha hugaagaa kwenye matope huku walezi wao wakiwaeleza watu jina la kila mmoja na mahali alipookolewa. Wakikua hupelekwa Tsavo wakajifunze kuishi porini, na mtoto aliyekuja kwa garimoshi anaweza kuelezwa kwamba alipita kwenye nyumba yao. Mahali penyewe watu husimama nyuma ya kamba kwa saa nzima, juani, na mtoto mfupi haoni kitu. Mtu mzima mmoja ajiandae kumbeba mabegani. Kigari cha kusukuma kitawasumbua tu. Leso ya kumbebea mgongoni inafaa zaidi.

Wengi huniuliza kuhusu kuingia mbugani kwa gari kutafuta simba. Mbuga hii ilitengwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na ni jambo la ajabu kumwona kifaru na majengo ya jiji nyuma yake. Lakini matembezi ya gari huchukua saa tatu au nne, wanyama mara nyingi huwa mbali, hairuhusiwi kushuka isipokuwa mahali maalumu, na mtoto wa chini ya miaka mitano hajui kutafuta doa la kahawia kwenye nyasi za kahawia. Kwa umri huo ninashauri Nairobi Safari Walk, iliyo kwenye lango kuu la Barabara ya Lang'ata. Humo mnatembea kwa miguu juu ya daraja la mbao, wanyama wako karibu, na mtoto akichoka baada ya saa moja mnatoka bila hasara kubwa. Ndizi na mikate ikae ndani ya mfuko uliofungwa zipu, kwa kuwa tumbili wa pale humnyang'anya mtoto chakula mkononi, na mkwaruzo wa tumbili ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa matatu, namba 24 huelekea Karen kupitia Hardy, karibu na twiga, na 125 na 126 hupita Barabara ya Magadi. Nje ya saa za msongamano matatu si mbaya kwa mtoto. Chagueni yenye utulivu, mpakatane mtoto, muulize nauli kabla ya kupanda. Kwenye teksi mtoto akae kiti cha nyuma kila mara, na mwenye kiti cha mtoto cha gari akibebe, maana teksi nyingi hazina. Bodaboda msimpakie mtoto mdogo, hata kwa mwendo wa dakika tano.

Katikati ya jiji na kaskazini mwake

Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi yanafaa siku ya mvua, na yanafaa zaidi mkiamua mapema kutosoma kila maelezo. Nendeni kwanza kwa Ahmed. Huyu ni ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru mwaka wa 1970 alindwe na askari usiku na mchana kwa sababu ya ukubwa wa pembe zake, naye alikufa mwaka wa 1974. Sanamu yake ya kimo kamili iko uani. Mtoto asimame chini yake, mumweleze kwamba ndovu huyu alikuwa na askari wake, na hapo mtakuwa mmempa hadithi ya wiki nzima. Kisha ukumbi wa ndege, kisha nyoka walio nyuma ya vioo. Mkiwa na mtoto wa miaka sita au saba mwonyesheni pia habari za Mvulana wa Turkana, ambaye kipande cha kwanza cha mifupa yake kilionwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984 na ambaye aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, watoto huguswa sana wakisikia kwamba naye alikuwa mtoto.

Mahali ambapo wageni wengi hupasahau ni Makavazi ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Humo mna injini kubwa za mvuke zilizotumika kwenye reli iliyofika Nairobi mwaka wa 1899, nyingi zikiwa zimepangwa nje kwenye nyasi, na watoto huruhusiwa kuzipanda. Hakuna kelele ya "usiguse". Mtoto aliyechoka kuambiwa "nyamaza" na "shikilia mkono" hupumua akifika pale. Kuna behewa ambalo simba alimvuta mtu kutoka ndani yake huko Kima mwaka wa 1900; hadithi hiyo isubiri mtoto akue, la sivyo hatapanda garimoshi la kurudi.

Kaskazini kuna Msitu wa Karura, zaidi ya hektari 1,000, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka wa 1999. Njia zake ni pana na zina kivuli, kuna maporomoko ya maji na baiskeli za kukodi. Safari ya kwenda hadi maporomoko na kurudi ni ndefu kwa miguu mifupi, kwa hivyo tembeeni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, popote mtakapofika. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zote tangu Juni 2020, na walinzi huzitafuta langoni. Bebeni chupa ya kudumu.

Na siku moja msiende popote. Kwa wageni wa siku nne, ya tatu ndiyo hufaa. Bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, inatosha: mkeka, mpira, chakula kutoka nyumbani, na kurudi mtoto anaposinzia.

Mkoba wa kila siku

Tulikuwa na mkoba mmoja, na kila usiku niliupanga upya kwa mpangilio ule ule ili hata shemeji aweze kupata kitu bila kuuliza. Chini kabisa nguo za kubadilisha na sweta ya pili, juu yake koti la mvua, ubavuni chupa ya maji yaliyochemshwa, na juu kabisa karatasi za chooni na sabuni. Nguo chafu zilikwenda kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017 na mgeni anayetoka nje asije nayo. Kwa mtoto aliyeacha nepi karibuni, poti ndogo iwe garini. Foleni ya Barabara ya Lang'ata haina mahali pa kusimama, na ninasema haya nikikumbuka binti yangu akilia kwa aibu dakika arobaini katika foleni hiyo. Vyoo vya kulipia katikati ya jiji ni vingi na vingi ni safi, lakini huhitaji sarafu, basi ziwe mfukoni.

Chakula kisiwe jambo la kujaribia. Uji, ndizi, chapati, viazi na maharagwe mtoto anavijua, na vyote vinapatikana kila mtaa. Jioni ndio wakati wa mtu mzima kuonja vya mjini. Kwenye foleni za magari wachuuzi huuza njugu karanga; msimpe mtoto wa chini ya miaka minne, wala punje nzima za mahindi ya kuchoma, kwa sababu humkwama kooni kirahisi, na ndani ya gari linalotembea hakuna anayemwona kwa wakati.

Homa na kupotea

Kwa sababu ya urefu wake kutoka usawa wa bahari, Nairobi haina malaria nyingi, na hapo ndipo penye hatari kwa mtoto wa Mombasa, Kilifi au Kisumu. Anaweza kuwa aliumwa na mbu nyumbani wiki moja au mbili kabla, homa ikamshika akiwa hapa, na kila mtu akaihesabu kuwa mafua ya baridi. Mtoto akipata homa, mwambieni daktari mara moja mmetoka wapi na lini, na muombe apimwe damu. Hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyoko Muthaiga tangu mwaka wa 1947, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini kabla ya kusafiri ulizeni bima yenu inakubaliwa wapi karibu na mtakapolala, na muandike namba hiyo kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, mpigeni mtoto picha moja akiwa amesimama, ili mkihitaji kueleza amevaa nini msitegemee kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka. Namba ya simu tuliiandika kwa kalamu ndani ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, tukaipaka mafuta juu isifutike kwa jasho. Tulimfundisha kwamba akitupoteza asimame hapo hapo, aite jina kamili la mama yake badala ya "mama", kwa kuwa umati mzima ni wa kina mama, na akiogopa amwendee mama mwenye watoto au askari wa langoni. Namba 116 ni ya bure, ni ya msaada kwa watoto, na hupokelewa saa zote. 999 na 112 ni za dharura.

Siku ya kurudi

Siku hiyo isiwe na matembezi. Fungeni mizigo usiku wa kuamkia, mwacheni mtoto alale anavyotaka, na kama garimoshi ni la alasiri ondokeni mapema mno kuliko mnavyodhani inafaa, kwa sababu Barabara ya Mombasa haitabiriki. Mtoto wetu aliondoka South B amevaa sweta zote mbili na kofia, ameshika punje moja ya twiga aliyoificha mfukoni tangu siku ya kwanza. Mvueni sweta ya kwanza mkifika Emali na ya pili mkipita Kibwezi, kabla hajaanza kutoka jasho, na sehemu ya Tsavo ikikaribia mwamsheni, hata kama amelala vizuri.